Bwana Afya wa Uani Kwetu

Juzi niliingia Kariakoo kutafuta chaja ya simu. Ya kwangu mjukuu aliitafuna waya. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, na miguu yangu siku hizi ikisimama sana inavimba, basi nikajikuta nimeingia kwenye lile ghorofa ambalo miaka yote huwa nalipita kwa upande wa pili wa barabara. Nalikwepa kwa sababu nalijua. Zile ngazi za kuingilia zimekaa juu ya baraza letu. Ukinyoosha ndani, pale wanapopanga kava za simu, ndipo palipokuwa uani kwetu, penye pipa la maji, kinu, na choo cha shimo.

Duka nililoingia ni la dada mmoja wa Kichaga, mchangamfu. Nyuma yake kuna sanduku la kioo, taa inawaka ndani mchana kweupe, na chini ya taa kalala mnyama wa kijani, ngozi inaning'inia chini ya kidevu, miiba midogo mgongoni mpaka mkiani. Mbele yake sahani ya mchicha mbichi.

"Shikamoo mama. Usiogope, huyo hana shida na mtu."

"Marahaba. Nani kakwambia naogopa?"

"Wengi wakimuona wanakimbia, wanasema kenge. Sio kenge mama, huyu iguana, katoka nje. Watu wanajaa hapa mlangoni kwa ajili yake. Nimemzoesha. Ukigonga kioo anakuja, hata kama hakujui."

Nikaomba kiti. Akadhani ni jua. Halikuwa jua.

Mimi nililea kenge. Hapo hapo, hatua kumi kutoka kwenye kile kioo. Habari hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, hata wanangu wanajua vipande tu. Wewe nakusimulia yote, na waliohusika nawataja. Wengine wameshakufa. Kufa sio kufutiwa.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na alikuwa muuza mchicha. Alfajiri anashuka bonde la Jangwani, ananunua kwenye bustani za kando ya mto, anarudi na gunia kichwani. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuuosha ule mchicha kwenye karai na kuufunga mafungu. Asubuhi moja ya masika nikaingiza mkono kwenye gunia, kitu kikanibana kidole cha shahada. Nikavuta mkono, kikatoka kimening'inia. Kitoto cha kenge, urefu wa rula ya shule. Mweusi, madoa ya njano yamejipanga mgongoni kama shanga, ulimi mwembamba unatoka na kuingia.

Bibi akashika ufagio. Mimi nikamfunika kwa karai, nikakaa juu ya karai.

"Toka hapo nimuue mshenzi huyo!"

"Bibi, kaja na gunia lako. Ni mgeni wako huyu."

Bibi akacheka, na bibi akishacheka alikuwa hawezi tena kukataa. Ndivyo kenge alivyopata chumba Kariakoo, kwenye sanduku la chai, lile la mbao nyepesi, lililotobolewa matundu kwa msumari.

Mchicha hakula. Nilimpa siku mbili, akaulalia. Siku ya tatu mende akaingia kwenye sanduku kwa bahati yake mbaya, nikasikia kitu kimefanya kah! Basi nikajua. Tangu siku hiyo nikawa mwindaji wa mende chooni, na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anaishi na sisi, akienda soko la samaki Magogoni namfuata nyuma na mfuko kuokota matumbo ya samaki. Mwarabu wa duka la kona alinipa mayai yaliyopasuka, na kopo tupu la maziwa ya unga la kuyabebea. Likumbuke kopo hilo.

Kumlisha ilikuwa rahisi. Kumzoesha ndiyo kazi. Ukisogea anavimba shingo, anafoka kama pampu ya baiskeli, halafu mkia unakuja, pwaa! Nilikuwa na mistari kwenye mikono kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Hakuna aliyenifundisha. Nilimwangalia tu nikaona anaogopa kinachotoka juu, kwa sababu kunguru anatoka juu, basi mkono nikaanza kuuleta kwa ubavuni, chini chini, taratibu. Nikakata kipande cha kanga yangu chafu nikakiweka ndani ya sanduku alalie harufu yangu. Jioni nilikuwa nakaa karibu yake bila kufanya lolote, nachambua mchele, naimba kidogo, na bibi anakuna nazi pembeni. Wiki nzima. Halafu nyingine. Siku moja akatoka mwenyewe, akapanda kwenye mguu wangu, akalala. Alikuwa wa baridi, mzito kuliko anavyoonekana.

Wakati wa kula niligonga kopo. Mara tatu upesi, nanyamaza, halafu mara moja. Ko-ko-ko. Ko. Akaja kuijua hiyo kama wewe unavyojua jina lako. Awe chini ya kinu, awe juu ya bati anaota jua, ukigonga hivyo unaona kichwa kinachungulia, halafu mwili wote unakuja unapepesuka kama mtu mnene aliyechelewa.

Akakua. Akaanza kutembea nyumba nzima, na nyumba ilikuwa na vyumba sita vya wapangaji. Wanawake walipiga kelele mpaka mtaa wa pili. Nikambeba, nikampeleka mlango kwa mlango, napiga hodi, namtambulisha kama bibi harusi. "Hamjambo jamani, huyu ni wa kwetu, msimpige." Mmoja alinimwagia maji. Lakini baada ya mwezi panya wakaisha. Mende chooni wakaisha. Akawa na ratiba yake, asubuhi anaingia chooni, anakagua, anatoka, anazunguka pipa la maji, anachungulia chini ya vitanda vya watu. Mpangaji mmoja, mpiga pasi, akasema huyu si kenge, huyu ni Bwana Afya, yule mtumishi wa jiji aliyekuwa akipita kukagua vyoo na kuandika watu. Jina likaganda. Watu wakawa wanamsalimia. "Bwana Afya, leo umeniandika?" Siku alipounguzwa na jiko la mkaa, akabaki na kidoa cheupe ubavuni chenye umbo la haragwe, wapangaji wote walileta dawa, mwingine ute wa yai, mwingine mafuta ya nazi. Kwa hiyo walimpenda. Usije ukadhani hawakumpenda.

Shuleni waliniita Mama Kenge. Iliniuma, sikatai, unajua mwenyewe mtu akiitwa kenge maana yake nini. Lakini mwalimu wetu wa darasa la sita alitupa insha, mnyama unayemfuga. Wenzangu wakaandika paka, mbwa, kuku. Mimi nikaandika jinsi ya kuleta mkono kwa ubavuni. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Huyu anaona. Wengine mnatazama tu." Hiyo sentensi nimekaa nayo mpaka nimekuwa bibi.

Sasa fundi ngoma. Alikuwa anaishi nyumba ya mbele yetu, anachonga ngoma barazani kwake, na sherehe nyingi za mtaa zilipigiwa ngoma zake. Kila akipita anamwangalia Bwana Afya kwa jicho la mtu anayeangalia kitambaa. Alikuwa na mzaha wake. Anachuchumaa, anafungua kiganja, anampima mgongo kwa shubiri.

"Bado shubiri mbili, mjukuu wangu. Akitimia unaniita."

"Atimie nini, babu?"

"Atimie chapuo." Chapuo ni ile ngoma ndogo ya sauti kali, na yeye aliamini haisemi vizuri bila ngozi ya kenge.

Watu wote wanacheka. Bibi anacheka, shangazi anacheka. Mimi pia nilicheka, na nitakwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, nilimshikilia. Bwana Afya alikuwa hampendi yule mzee, alikuwa anavimba shingo. Mimi nikaona aibu, mgeni anafokewa nyumbani kwetu. Nikamshika kwa ubavuni, nikambembeleza, "Tulia, ni babu huyu," mpaka akatulia, akapimwa. Nilimzoesha mpaka na fundi mwenyewe.

Nilipovunja ungo nilikuwa na miaka kumi na tatu. Kwetu msichana akifika hapo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Jua halioni, wanaume hawaoni, sauti haipandishi. Anapewa mwanamke mmoja wa kumfundisha, tunamwita somo, mpaka siku anapotolewa kwa ngoma, mtaa mzima unaona kwamba nyumba fulani imekuza. Niliwekwa chumbani kwa bibi. Dirisha la kutazama uani lilipigiliwa ubao. Sheria ya somo wangu ilikuwa hii: ukitaka kitu usiite, piga makofi mawili, kisha ngoja.

Nilichokuwa nakiwaza ni kimoja tu. Nani atamlisha Bwana Afya?

Usiku wa kwanza nikamnong'oneza bibi nimfundishe kugonga kopo. Bibi alikuwa na pete ya shaba kidole cha kati, kila akigonga, pete nayo inagonga baadaye kidogo, kwa hiyo ko yake ilikuwa na mkia, koti-koti-koti. Koti. Tulicheka kwenye giza kama watoto. Asubuhi nikamsikia nyuma ya ubao anagonga, kimya, halafu kucha zinakwaruza saruji. Amekuja. Amekuja kwa bibi. Nikalia kwa furaha, mpumbavu mimi.

Zikapita wiki. Kila asubuhi, koti-koti-koti, koti. Nikawa nahesabia siku kwa hiyo.

Wakati huo nyumba ya nyuma walimtoa mwali wao. Ngoma zilikuwa za kuazima, za zamani, na chapuo likapasuka katikati ya kucheza. Niliisikia mpaka ndani ile pah, halafu kicheko cha mtaa. Jioni shangazi akaja kukaa mlangoni kwangu na bibi, wananisahau kama nipo.

"Umesikia fedheha ile, mama? Yule mtoto hata akiolewa, watasema ni yule aliyepasukiwa ngoma."

"Nimesikia."

"Na chapuo la fundi wetu limechakaa. Nimemuuliza, anasema ngozi hakuna, labda mtu aende mpaka Rufiji. Wa kwetu anatolewa wiki mbili zijazo."

Bibi akawa anaizungusha pete kidoleni.

"Ngozi inatembea humu ndani, mama. Inakunywa maji ya pipa letu."

Nikapiga makofi mawili. Shangazi akaleta maji ya kunywa. Nikatikisa kichwa, nikamwangalia bibi machoni. Bibi akanivuta kanga begani, akasema, "Lala, mwali wangu." Nikalala. Nilimwamini.

Siku ya tatu yake, mchana, baada ya adhuhuri, nikasikia kopo. Koti-koti-koti. Kwanza nikafurahi, pete ya bibi ile. Halafu nikakumbuka ameshakula asubuhi. Bibi hakuwa mtu wa kulisha mnyama mara mbili. Kukawa kimya. Koti. Halafu sauti ya fundi, chini chini, kama mtu anayeongea msikitini. "Usimshtue. Mwache asogee mwenyewe."

Nikapiga makofi mawili. Nikangoja. Kucha zikaanza kukwaruza saruji, zinatoka upande wa kinu, haraka, kama alivyozoea. Nikapiga makofi. Sikungoja. Nikapiga tena na tena, viganja vinawaka, napiga kama kichaa, na sauti ipo kooni kwangu, naihisi mpaka leo ilipokaa, ilikuwa inatosha kuita jina lake, ilikuwa inatosha kupiga kelele tu akashtuka akakimbilia juu ya bati. Sikuitoa. Mwali hapandishi sauti. Somo akaingia akanishika mikono, akasema, "We vipi? Kiu gani hiyo?"

Nikasikia mchi. Mara moja.

Halafu kopo likaanguka likaviringika uani, likalia, likanyamaza.

Siku ya kutolewa walinipaka mafuta, wakanifunika kanga mbili mpya, wakanikalisha mkekani, kichwa chini. Macho ya mwali hayapandi. Kwa hiyo sikuona watu. Niliona miguu, na mbele ya miguu, usawa wa macho yangu kabisa, niliona chapuo. Ngozi mpya. Imeparwa, imekazwa, lakini vijishanga vyake vyote vipo, vimejipanga, na ukingoni karibu na kigingi kuna kidoa cheupe, umbo la haragwe. Fundi akaipiga. Nasema kweli, ilikuwa na sauti nzuri. Haikupasuka. Wakasifu mpaka magharibi, na bibi alicheza, alikuwa hajacheza miaka mingi.

Shule sikurudi. Mwalimu alikuja hodi mara mbili. Mara ya kwanza shangazi akamwambia naumwa. Mara ya pili akamwambia, "Mwalimu, huyu sasa ni mtu mzima, ana shule gani tena?" Mimi nipo nyuma ya pazia nachambua mchele. Haukupita muda nikaozeshwa Magomeni kwa mtu aliyenizidi umri mara mbili, alichonifanyia huko sitakisema hapa. Nilitoka hai. Mkono huu wa kushoto haunyooki. Na nikwambie kilichonishangaza, hata kwa yule mwanamume, akiinua mkono, nilikuwa natulia. Nilifundishwa kutulia. Nilikuwa mzuri wa kutulia.

Basi nawataja. Shangazi yangu, aliyeifungua ile midomo yake mlangoni kwangu na kumdanganya mwalimu wangu, na wanawe baadaye wakaiuza nyumba wakaleta ghorofa. Fundi ngoma wa nyumba ya mbele, aliyeanza kuua tangu siku ya shubiri ya kwanza, huku tunacheka. Somo, aliyesikia makofi akadhani kiu. Na mimi mnitaje, niliyemwambia, "Tulia, ni babu huyu."

Bibi ndiye anayenishinda. Mwisho wa maisha yake alikuwa kwangu, mimi ndiye niliyemnywesha uji na kumgeuza kitandani. Siku moja bila kuulizwa akasema, "Ngoma yako haikupasuka." Akaningojea. Alitaka nimwambie asante, au nimwambie nimesamehe, sijui. Alifanya kwa ajili yangu, ndiyo sumu yenyewe. Kama angefanya kwa chuki ningejua pa kuiweka. Nilimfuta mdomo kwa kitambaa, nikaenda kuosha bakuli la uji. Na ile pete ninayo kabatini, siivai.

Siku hizi mtaa ule huwezi kusikia kucha juu ya saruji. Hakuna uani. Hakuna mpiga pasi, hakuna harufu ya mchicha mbichi asubuhi, kuna jenereta na vijana wanaoita wateja kwa spika. Bonde la Jangwani nyumba zimevunjwa, mafuriko yamebeba bustani. Wanawali wanatolewa kwenye kumbi za kukodi, na ngoma inatoka kwenye simu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mahali pale palikuwa na mtoto aliyeandika insha nzuri, na hakuna hata tofali moja linalojua.

Yule dada akanipa chaja, akaniletea na maji. "Mjaribu, mama. Gonga kioo. Anakuja kwa mtu yeyote."

Nikasema hapana. Akacheka, "Mama naye, si ulisema huogopi?"

Kidole changu kikagonga chenyewe. Mara tatu upesi. Nikanyamaza. Halafu mara moja.

Yule mnyama akaacha mchicha wake, akainua kichwa, akaja. Akapita chini ya taa bila wasiwasi wowote, akaweka kidevu kwenye kioo pale pale kilipokuwa kidole changu, akanitazama kwa jicho moja.

"Unaona?" dada akasema kwa furaha. "Hana anayemwogopa."

Nikaondoa kidole. Nikatia chaja kwenye mkoba, nikashuka zile ngazi juu ya baraza letu, nikashika njia ya Mnazi Mmoja.